Mcheza kwao hutunzwa. Je, timu ya chuo kwao ni wapi?

Msafiri atokaye Machakos kuelekea mji wa Kitui hupita katika nchi kame yenye vichaka vya migunga, mito ya mchanga na punda wanaobeba mitungi ya maji. Kabla hajaufikia mji huo hukutana na soko dogo liitwalo Kwa Vonza. Kama vituo vingine vingi vya Ukambani, jina lake huanza na neno "kwa". Mgeni huambiwa tangu mwanzo kwamba hapa si porini. Amefika kwa mtu, na pana mwenyeji.

Katika eneo hilo ndiko liliko bewa kuu la Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya, ambacho wengi hukiita SEKU kwa ufupisho wa jina lake la Kiingereza. Ukikilinganisha na vyuo vikongwe vya Nairobi, hiki ni chuo kichanga. Na kama ilivyo ada ya vyuo vyote, vijana wake hucheza kandanda. Nia yangu leo si kuihukumu timu hiyo, wala kusimulia imefunga mabao mangapi. Jedwali la ligi lina watu wake wa kulisoma. Nataka kuuliza swali ambalo naona halijaulizwa vya kutosha kuhusu timu za vyuo vidogo vya mashambani kote nchini. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Je, timu hizi kwao ni wapi?

Msomaji mpenzi, hebu kwanza tuupime msimu wa timu ya namna hiyo kwa hesabu nyepesi. Chukua mfano wa timu iliyobahatika kucheza mechi 12 kwa mwaka mmoja wa masomo. Kila mechi ina dakika 90. Jumla yake ni dakika 1,080, yaani saa 18. Sasa tazama mazoezi. Tuseme vijana wanakutana mara tatu kwa juma, saa mbili kila mara, kwa majuma 30. Hizo ni saa 180. Kwa kila saa moja ya mchezo wa ushindani, kijana ametoa saa kumi za jasho, na mara nyingi hakuna aliyemtazama isipokuwa mkufunzi wake na wenzake wawili watatu walioketi juu ya mawe.

Ongeza jambo la pili. Mwanafunzi wa shahada hukaa chuoni miaka minne. Timu ya wachezaji 24 iliyogawanyika sawasawa katika madarasa hayo hupoteza sita kila mwaka, na baada ya miaka minne hakuna hata mmoja aliyebaki kati ya wale wa mwanzo. Klabu ya mtaani humlea mchezaji akiwa na miaka 17 ikamtumia hata afikishe 30. Chuo hakina anasa hiyo. Mlinda lango anapoanza kuelewana na mabeki wake, ndipo joho la mahafali linapokuwa tayari.

Kisha kuna namna msimu wenyewe unavyopangwa. Aghalabu mashindano ya vyuo hufungwa katika siku chache. Timu kadha hukusanyika mahali pamoja, zikacheza mechi tatu au nne mfululizo, na anayeshindwa hurudi kwao kwa basi la usiku. Mpango huu una sababu zake, kwa kuwa unapunguza gharama za safari na haukatizi masomo kwa muda mrefu. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana anaweza kuivaa jezi ya chuo chake kwa miaka minne, na mechi zake kubwa zote akazicheza ugenini, mbele ya watu wasiomjua.

Huo ndio msiba ninaoulilia. Timu isiyo na nyumbani haiwezi kuwa na msimu wa maana, hata ikileta kombe.

Baadhi ya wasomaji watasema, "Nyumbani kwa timu ya chuo si chuoni?" Naam, chuoni ndiyo. Lakini chuo chenyewe ni cha nani? Hapa hatuna budi kuirejelea historia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wimbi la harambee za vyuo vya ufundi liliikumba Kenya. Kila eneo lilitaka chuo chake. Wakazi wa Nyeri walichangia chuo kilichopewa jina la Kimathi, wenzao wa Murang'a wakafanya vivyo hivyo, Nyanza wakaanzisha Taasisi ya Ramogi, na Wakakamega wakachangia chuo kilichojulikana kama WECO. Wakamba nao walianzisha Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, iliyofahamika kama UKAI. Waliokuwapo katika harambee za enzi hizo wanakumbuka zilivyoendeshwa. Mwenye noti alitoa noti, mwenye sarafu akatoa sarafu, na asiye na kitu mkononi alileta jogoo au mbuzi akapigwa mnada papo hapo.

Taasisi ile ya UKAI ndiyo mzazi wa chuo kikuu kilichopo leo. Mwaka 2008 iligeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Ni safari ya kujivunia. Hata hivyo, tazama kilichotokea njiani. Mkulima aliyetoa mbuzi wake hakuwa na cheti cha kidato cha nne. Hakuweza kuingia darasani wakati ule, na wala hawezi leo. Maktaba si yake, maabara si yake, na siku ya mahafali huhitaji kadi ya mwaliko. Katika kila kitu kilichomo ndani ya ua ule, ni kimoja tu anachoweza kukifurahia bila kuulizwa alama alizopata katika mtihani. Kitu hicho ni mpira wa miguu.

Ndiyo maana nasema kwamba timu ya chuo kama hiki si mali ya wanafunzi peke yao. Ni gawio la wale waliokijenga. Na gawio hilo hulipwa kwa njia moja tu. Mechi zichezwe pale pale, mara kwa mara, kwa ratiba inayojulikana, lango likiwa wazi.

Fikiria ratiba iliyobandikwa katika ukuta wa duka sokoni Kwa Vonza mwanzoni mwa muhula: Jumamosi hii ni wageni kutoka Machakos, Jumamosi ya tatu ni wageni kutoka Wote, na mwezi ujao ni wageni kutoka Mwingi. Mwenye kuuza maembe na ndizi atajua siku ya kubeba mzigo mkubwa zaidi. Mwenye bodaboda atajua siku ya kungoja abiria. Mvulana wa darasa la saba atakwenda kumtazama winga wa kushoto, na siku ya Jumatatu atamuuliza mwalimu wake ni masomo gani yanayompeleka mtu katika chuo kile. Mimi naamini swali hilo moja lina uzito kuliko mabango kumi ya kuwahimiza vijana wajiunge na elimu ya juu.

Si ndoto za mchana hizi. Jirani zetu wa Uganda wana ligi ya soka ya vyuo vikuu tangu mwaka 2012, inayochezwa nyumbani na ugenini. Kila chuo hupata zamu ya kuwapokea wageni katika uwanja wake, na mashabiki hufurika kushuhudia. Mwanafunzi wa pale akizungumza juu ya mechi ya nyumbani, hazungumzi fumbo.

Na hapa hapa Kenya tuna mfano wa kutosha. Kile chuo cha WECO cha Kakamega, ndugu wa UKAI kwa kuzaliwa katika wimbi lile lile la harambee, leo ndicho Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Timu yake ya MMUST haikuridhika na michezo ya vyuo pekee. Ilijiingiza katika ligi za Shirikisho la Soka la Kenya, ikapanda madaraja hadi ikacheza katika Ligi ya Supa ya Taifa, ambayo ni daraja la pili nchini. Chuo kilichojengwa kwa michango ya wanakijiji kimewahi kuwapa watu hao timu ya kuishangilia dhidi ya klabu zenye majina. Ikiwa Kakamega imewezekana, kwa nini Kitui isiwezekane? Si lazima kuanzia juu. Ligi za kaunti zipo, na timu yoyote inayotaka kucheza kila juma na majirani zake haikosi mahali pa kubisha hodi.

Najua pingamizi zitakazoletwa, na si haki kuzipuuza.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mwanafunzi amekuja kusoma, hakuja kucheza. Wazazi waliouza ng'ombe ili kulipa karo hawangependa kusikia kwamba mtoto anashinda uwanjani. Nakubaliana nao kabisa, na ndiyo maana nilianza kwa hesabu. Saa 18 za mechi na 180 za mazoezi kwa mwaka mzima si wizi wa muda wa masomo. Kijana anayelala mchana bwenini hupoteza saa nyingi kuliko hizo. Tena dunia imeona mifano mikubwa ya kukanusha dhana hii. Sócrates, aliyekuwa nahodha wa Brazil katika Kombe la Dunia la mwaka 1982, alisomea udaktari akafuzu huku akicheza soka. Hugo Sánchez wa Mexico alisomea udaktari wa meno katika chuo kikuu cha taifa huku akiichezea Pumas, klabu ya chuo hicho hicho, kabla ya kwenda kutia fora Uhispania. Sisemi kila mchezaji wetu atakuwa Sócrates. Nasema tu kwamba kitabu na mpira havijawahi kuwa maadui mpaka pale ratiba inapopangwa ovyo.

Pingamizi la pili ni fedha, na hili ni zito. Vyuo vya umma nchini vimekuwa vikilia kwa ukata, na si siri kwamba madeni yao ni makubwa. Atakayesimama katika kikao cha bajeti kuomba fedha za mpira atachekwa. Lakini mechi ya nyumbani ina gharama gani hasa? Uwanja upo. Wachezaji wapo. Panahitajika chokaa ya kuchora mistari, nyavu mbili, waamuzi, mpira wa akiba, maji na mtu mwenye ujuzi wa huduma ya kwanza. Gharama kubwa ya soka la vyuo ni basi, chakula na malazi ya safari. Timu inayocheza na jirani zake wa Kitui, Machakos na Makueni hulala kwake usiku ule ule.

Zaidi ya hayo, Ukambani wana desturi ambayo wengine tunapaswa kuwaonea kijicho. Ni desturi ya mwethya, ambapo majirani hukutana kufanya kazi kubwa kwa pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kwa mikono hiyo wamechimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na kwa mikono hiyo wamejenga mabwawa ya mchanga yaliyoifanya Kitui isifike mbali duniani. Watu wanaoweza kuuziba mto kwa mawe na saruji wanashindwaje kusawazisha uwanja? Lakini hawatakuja kusawazisha uwanja wasioruhusiwa kuukanyaga. Hapo ndipo chuo kinapaswa kuwa cha kwanza kunyoosha mkono.

Na mkono huo unaweza kunyooshwa na timu yenyewe. Chama cha michezo ya vijana cha Mathare, MYSA, kilichoanzishwa jijini Nairobi mwaka 1987, kiliweka kanuni ya ajabu katika ligi zake: timu ilipata pointi kwa kushinda mechi, na ikapata pointi pia kwa kusafisha mtaa. Wapo waliocheka. Lakini kutoka katika mitaa ile ilizaliwa Mathare United, iliyotwaa Kombe la Moi mwaka 1998 ilhali haijaingia ligi kuu, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Kenya. Sasa fikiria timu ya chuo cha nchi kame ambayo katika kila msimu, kabla ya mechi yake ya kwanza, hutoka kwenda kupanda miti katika shule ya msingi ya jirani au kubeba mawe kwenye bwawa la mchanga. Mwanakijiji aliyebeba jiwe pamoja na mlinda lango hataikosa mechi ya Jumamosi.

Pingamizi la tatu ni usalama. Mabawabu watauliza ni nani atakayewajibika iwapo umati utaingia na vitu vikaibwa. Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake si kufunga lango. Soko hufunguliwa kila siku ya soko, kanisa kila Jumapili, na mji haujaporomoka. Penye ratiba, njia moja ya kuingilia na vijana waliopewa jukumu la kuelekeza wageni, hatari hupungua. Chuo kinachowaogopa majirani zake kwa miaka 20 kitaendelea kuwaogopa kwa miaka 40.

Sasa niseme neno kuhusu vijana wenyewe, maana ni rahisi kuzungumzia jamii na historia tukawasahau wale wanaokimbia juani. Jua la Kitui si la mzaha. Mwezi Februari, au Septemba kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijaanza, ardhi ya uwanja huwa ngumu kama sakafu na vumbi hukausha koo. Kupanga mechi saa nane mchana katika hali hiyo ni kutojali afya za wana wa watu. Mechi zianze saa kumi jioni, na pawepo mapumziko ya kunywa maji katikati ya kila kipindi. Hata Kombe la Dunia la Brazil la mwaka 2014 liliruhusu mapumziko ya namna hiyo kwa wachezaji wanaolipwa mamilioni. Kijana aliyekula chapati moja na chai ya rangi asubuhi hastahili kupungukiwa na huruma hiyo.

Tena pawepo mpango wa mchezaji anayeumia. Wengi wetu tunamjua kijana mmoja, wa chuo hiki au kile, aliyechanika kano za goti akiitetea jezi, akabebwa na wenzake mabegani kwa kukosa machela, akaachiwa familia yake gharama za tiba, na muhula ukampita akiwa kitandani. Chuo kinachojivunia ushindi wa timu yake kisimkane mchezaji siku anapoanguka. Ikiwa wanafunzi hutozwa ada ya michezo, basi matibabu ya aliyeumia mchezoni yawe juu ya orodha ya matumizi, kabla ya jezi mpya na kabla ya posho za wakubwa wanaoongozana na msafara.

Na ninaposema timu, sisemi ya wavulana tu. Mwaka 2024 wasichana wa Kenya walio chini ya umri wa miaka 17 walicheza Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika, wakawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika katika fainali za Kombe la Dunia la FIFA za umri wowote. Wanaume wetu hawajawahi kufika huko. Mabinti wale watakapotaka kuendelea na masomo, watatafuta vyuo vyenye uwanja na saa za mazoezi kwa ajili yao. Chuo kidogo kitakachowapa saa hizo leo, badala ya kuwaambia wangoje wavulana wamalize, huenda kesho kikawa na jina kubwa kuliko vile vikongwe.

La mwisho ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na msimu wa soka ni mali. Katika vyuo vingi, ukiuliza ni nani aliyefunga bao la ushindi miaka mitano iliyopita, hutapata anayejua. Wachezaji wameondoka, mkufunzi amebadilishwa, na karatasi zimetupwa. Kwa timu inayobadilika yote ndani ya miaka minne, kumbukumbu iliyoandikwa ndiyo uti wa mgongo pekee. Haihitaji mashine ya fedha nyingi. Daftari moja lenye jalada gumu linatosha: tarehe, wapinzani, waliocheza, waliofunga, hali ya uwanja na idadi ya waliokuja kutazama. Likae maktabani, lisomwe na wanaofuata, na nakala ya matokeo ibandikwe sokoni kila Jumatatu.

Naamini daftari hilo litaonyesha jambo moja baada ya miaka michache. Ile safu ya mwisho, ya idadi ya watazamaji, itakuwa imepanda hata katika misimu ambayo timu ilishindwa. Watu hawaendi kutazama ushindi tu. Huenda kutazama kilicho chao. Wazee walioleta majogoo katika harambee za UKAI wamepungua sana sasa, lakini wajukuu wao wapo, na wengine wanaishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka langoni.

Wakuu wa vyuo, waratibu wa michezo na viongozi wa wanafunzi, msimu ujao unakaribia. Kabla hamjauliza mtanunua jezi za rangi gani, pangeni kwanza mechi tano za nyumbani, andikeni ratiba kwa Kiswahili na Kikamba, na mpeni kijana mmoja gundi na karatasi aipeleke sokoni. Kombe likija, tutashukuru. Lisipokuja, vijana wenu watakuwa angalau wamecheza kwao.